Mwenye Mali Ataje Alama

Melini, 4 Januari

Shikamoo, baba.

Nakuandikia nikiwa mzima. Miguu tu ndiyo inayolalamika, nayo nimeiambia ivumilie kama viungo vingine. Natumaini kifua chako kimetulia na Shangazi amepunguza kukusimamia. Mwambie nimelitii onyo lake la kutosogelea ukingo wa meli. Ukingo wenyewe nauona mara mbili kwa wiki.

Ulinikataza kukueleza mambo yangu kwa simu kwa sababu neno la simu halina nakala. Basi nakala ndiyo hii.

Safari ya kwanza imekwisha. Meli yetu ni kama mtaa mzima uliosimamishwa wima: ghorofa kumi na nne, wageni zaidi ya elfu mbili, na mabwawa matatu ya kuogelea, kana kwamba maji yaliyo nje hayatoshi. Mimi nimepewa vyumba kumi na sita katika ghorofa ya saba. Asubuhi natandika na kusafisha. Jioni wageni wanapokwenda kula, narudi kukunjua pembe ya shuka, kupunguza taa na kuacha kitandani mnyama aliyekunjwa kwa taulo. Nimekwisha kujifunza bata, tembo na nyani anayening'inia. Tembo wangu wa kwanza alifanana na kiatu, lakini mgeni alimpiga picha.

Sasa nikuungamie kosa. Jioni ya mwisho, nilipoingia vyumbani, nilikuta bahasha. Nyingine zilikuwa kitandani, nyingine mezani, na moja imewekwa mkononi mwa nyani wa taulo. Zilikuwa kumi na moja, na ndani yake mlikuwa na pesa. Baba, unajua ulivyonilea. Nilizikusanya zote, nikaandika namba ya chumba juu ya kila moja, nikazipeleka kaunta ya wageni na kusema, "Hawa wamesahau pesa zao."

Karani wa kaunta naye alikuwa mpya kama mimi. Akapiga simu chumba baada ya chumba, akiwaita wageni waje kuchukua mali zao. Wakapanga mstari. Bwana mmoja aliniuliza kama amenikosea. Wazee wawili, mume na mke, walidhani nimeikataa bahasha yao kwa kuwa ni nyembamba. Wakaniomba radhi na kuongeza mara mbili.

Msimamizi wetu, ambaye wote tunamwita Mama Funguo kwa sababu husikika kabla hajaonekana, alinivuta pembeni.

"Mwanangu, umetoka katika nyumba ya namna gani?"

Nikamwambia, "Ya mtunza vitu vilivyopotea, kituo cha treni."

"Basi hapa hakuna kilichopotea ila akili yako."

Ndipo akanieleza. Mshahara wetu ni mdogo, na umewekwa mdogo makusudi. Kampuni inatarajia mgeni aumalizie. Kila mgeni hutozwa ada ya huduma kwa kila siku, nayo hugawiwa sisi wote, hata waosha vyombo wasioonekana na mtu. Bahasha ni kitu kingine. Hiyo ni shukrani ya mgeni kwa mtu mmoja, bahashishi, na ni haki ya aliyepewa.

Basi nimezipokea. Jana nilituma pesa kwa simu ya Shangazi, akukabidhi wewe. Ni za mabati. Najua bati la chumba chako limeliwa na kutu hata ukilala unayaona mawingu, na masika ni Aprili. Fundi aanze mapema, kabla mafundi wote hawajakumbukwa kwa siku moja.

Nakuomba baraka zako kwa kazi hii. Kifua kikikusumbua usikifiche.

Mimi, binti yako.


Nyumbani, 23 Januari

Binti yangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Shangazi yako hajatulia. Tumefurahi kusikia kwamba u mzima.

Habari ya bahasha kumi na moja nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nilifurahi, na mara ya tatu nilifika pale unaposema "basi nimezipokea," nikavua miwani.

Nimekaa miaka thelathini na mmoja nyuma ya dirisha la vitu vilivyopotea. Siku moja mfanyabiashara alikuja kuchukua sanduku lake, akaacha noti juu ya kaunta, akasema ni ya soda. Nilimkimbilia hadi jukwaa la pili. Treni ilikuwa imeanza kuondoka. Nikaitupia noti ile dirishani mwake, ikamwangukia mapajani. Soda ile sijainywa mpaka leo, na sijapata kuona kiu yake.

Mtu akikulipa kwa kazi ambayo umekwisha kulipwa, ananunua kitu kingine. Wewe hujui amenunua nini mpaka siku atakapokuja kukichukua. Hayo ndiyo niliyowafundisha makarani wangu wote, na wawili walionicheka niliwatembelea baadaye mahali ambapo hawakuwa na nafasi ya kucheka.

Pesa uliyotuma nimekabidhiwa na Shangazi yako tarehe tano, akiwa amekwisha kuzungumza na fundi na kukubaliana naye bei. Nimeitia katika bahasha, nikaifunga kwa kamba, nikaweka kikaratasi: "Namba 1. Pesa. Mwenyewe hajathibitika." Iko juu ya kabati. Kanuni ni siku tisini. Zikipita bila mwenye mali kuthibitika, mali huenda mahali pengine, na mimi nimechagua kituo cha yatima.

Shangazi yako amesema, "Kaka, wewe ndiye mtu pekee duniani anayelala chini ya tundu huku mabati yake yamelala makavu kabatini." Sikumjibu, kwa sababu hakuniuliza swali.

Sikukatazi kazi. Nakuuliza unalipwa kwa kitu gani. Jilinde na baridi ya mashine zile za hewa.

Mimi, baba yako.


Melini, 12 Februari

Shikamoo, baba.

Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti cha mgongo mzuri, si kwenye kile kigoda. Mimi sijambo. Mwenzangu wa chumbani, anayeoka mikate katika jiko la meli, anakusalimu. Nilimsomea barua yako. Alicheka hata akaanguka kutoka kitanda cha juu, kisha akaniuliza kama unaweza kumtunzia na yeye za kwake, maana hazikai.

Baba, nisikilize. Rushwa hutangulia. Mtu huitoa ili atendewe. Bahasha hizi huja jioni ya mwisho, mgeni akiwa amekwisha kufunga sanduku. Atanunua nini kwangu, naye kesho hayupo?

Tena huku hali imebadilika. Tangu mwanzo wa mwezi kampuni imepandisha ada ya huduma, na si ada peke yake. Maji ya chupa yamepanda. Kahawa nzuri, ambayo zamani ilikuwa bure, sasa inalipiwa. Chakula ukiletewa chumbani, unalipia na hatua za aliyekileta. Mgeni analipa tiketi akidhani amemaliza, kumbe amelipia mlango tu. Nina mgeni mmoja, nesi mstaafu, ambaye hukaa melini miezi minne kila mwaka. Ananiambia, "Niliposafiri mara ya kwanza, kahawa ilikuwa bure na nahodha alinisalimu kwa mkono. Sasa kahawa nalipia, na nahodha namwona kwenye televisheni."

Basi wageni wamekasirika. Hawawezi kukasirikia bei ya mafuta, ambayo kampuni inasema ndiyo chanzo, basi wanakwenda kaunta kuomba ada ya huduma iondolewe, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoondoleka. Foleni siku ya kwanza ilifika kwenye ngazi. Na ikiondolewa, haiumii kampuni. Anaumia mwosha vyombo, anaumia mwokaji, naumia mimi. Mama Funguo anasema, "Wakipigana tembo, hapa zinazoumia ni taulo."

Kwa hiyo safari hii nimetuma kidogo kuliko ile ya kwanza. Lakini nimetuma. Na kuhusu Namba 1 na hii ambayo bila shaka umekwisha kuiita Namba 2, mwenyewe ninamjua. Ni mimi. Naomba nikabidhiwe, na nikikabidhiwa, naomba apewe fundi.

Kama ni swali unalotaka Shangazi akuulize, mwambie aulize hili: mvua itasubiri siku tisini?

Mimi, binti yako.


Nyumbani, 2 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Tu wazima. Mvua haikusubiri, imenyesha juzi, wiki nne kabla ya zamu yake, nami nimekihamishia kitanda kwenye pembe ya mlango. Shangazi yako aliuliza lile swali lako, kisha akajijibu mwenyewe kwa kirefu.

Umesema mali ni yako. Vema. Sasa tuna mdai, na kwa mdai kuna utaratibu.

Nitakueleza jambo ambalo sikuwahi kukueleza ulipokuwa mdogo, kwa sababu ungeanza kulitumia dhidi yangu. Mwaka mmoja mvua zilizidi, na ofisini kwangu pakawa na miavuli myeusi arobaini. Walikuja watu sitini. Kila mmoja alieleza mwavuli wake: mweusi, mpini wa mbao, mpya kabisa. Nikaacha kuwauliza mwavuli ukoje. Nikawauliza, "Una kasoro gani?" Wale waongo waliusifu zaidi. Mwenye mwavuli alisema, "Ubavu wa tatu umepinda, na ukiufungua unakubana kidole hiki." Akanionyesha na alama. Mwizi huisifu mali, mwenyewe huijua kasoro yake.

Kwa hiyo taja. Si zote, taja chache, nami nitajua. Ilitoka kwa nani, ulimfanyia nini, na pesa hiyo ina kasoro gani. Ukinitajia uzuri wake tu, nitaipeleka kwa yatima siku ya tisini na moja, na sitakuchukia kwa hilo, ila nitalowa.

Nilisoma kuhusu wageni wanaoomba ada iondolewe. Mtu anayepanda meli ya starehe kisha akambania mwosha vyombo ni mtu wa ajabu. Lakini na kampuni inayomwachia mgeni amalizie mshahara wa wafanyakazi wake ni kama mwenye nyumba anayeezeka nusu ya paa na kumwambia mpangaji atazame juu.

Usijichoshe kupita kiasi. Kula kabla ya zamu, si baada yake.

Mimi, baba yako.


Melini, 20 Machi

Shikamoo, baba.

Barua yako imenikuta bandarini leo asubuhi, nami nakujibu leo leo, nimekaa juu ya mfuko wa shuka chafu, kwa sababu siku zako tisini nazihesabu. Afya ninayo. Nataja.

Ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja aliyesafiri peke yake. Walikata tiketi wawili, yeye na mke wake, mke akafariki kabla ya safari, naye hakutaka tiketi ipotee. Siku ya kwanza nilikunjua shuka upande mmoja wa kitanda, kama tunavyofundishwa kwa mgeni mmoja. Akaniambia, kwa adabu sana, "Na ule upande mwingine." Basi siku kumi nilikunjua pande zote mbili, na taulo nikakunja bata wawili. Siku ya nane alinicheka, akasema mkewe asingependa bata, angependa tembo. Siku ya tisa nikamkunjia tembo.

Ya pili ni ya yule nesi mstaafu. Kila asubuhi amepoteza miwani. Nimeipata ndani ya kiatu, ndani ya jokofu dogo, na mara mbili juu ya kichwa chake mwenyewe. Yeye haiiti bahashishi, anaiita kodi ya macho.

Ya tatu ni ya mama aliyekuwa na mtoto anayetapika. Alitapika kutoka bandari ya kwanza hadi ya tatu. Siku moja nilibadilisha shuka mara nne. Mama yule alitaka kuzifua mwenyewe bafuni kwa aibu. Nikamwambia aketi, kwamba hata mimi wiki ya kwanza nilitapika ndani ya ndoo niliyotumwa kuisafisha. Alicheka mpaka mtoto naye akacheka, na mtoto alipocheka akatapika tena.

Hizo ndizo sifa. Sasa kasoro.

Katika wageni wangu alikuwapo mwanamume mmoja na mke wake. Siku ya kwanza kabisa alikwenda kaunta, akaondoa ada. Habari hizo hufika koridoni kabla mgeni hajafika chumbani. Asubuhi ya pili akaniomba taulo mbili za ziada. Nilikuwa nazo kwenye toroli, baba. Nilipita mlangoni pake mara tatu nikiwa nazo. Nilimpelekea jioni.

Nilipoingia nilimkuta anamkausha mkewe nywele kwa shati lake mwenyewe. Mke alikuwa na mkono uliofungwa plasta kuanzia kwenye kiwiko. Sikuwa nimemwona, kwa sababu sikuwa nimetaka kuwaona. Yule bwana alinishukuru sana, akaniambia, "Pole, najua mna kazi nyingi." Siku zilizobaki niliwahudumia kama wengine, labda na zaidi kidogo. Hawakuacha bahasha, nami sikuistahili.

Kasoro ya pesa hii ndiyo hiyo. Uzuri wake wote huja baada ya kazi, lakini ukiizoea, unaanza kuingoja kabla. Unaanza kupima wageni kwa mifuko yao. Siku ile ya taulo nilikuwa nauza kile ulichoniambia sijui ninakiuza. Nilikijua.

Sijamwambia mtu jambo hili, hata mwokaji. Nimekuambia wewe kwa sababu umeuliza, na kwa sababu kama mali si yangu, basi kosa hili nalo si langu, na mimi najua ni langu.

Naomba unijibu upesi.

Mimi, binti yako.


Melini, 25 Aprili

Shikamoo, baba.

Mimi ni mzima. Nauliza hali yako kwa sababu tumerudi bandarini mara mbili na mfuko wa barua haukuwa na yako.

Nilimpigia Shangazi. Nilimuuliza, "Baba yuko wapi?" Akasema, "Baba yako alikuwa hotelini." Nikamuuliza hotelini anafanya nini, akaanza kucheka, akacheka mpaka salio langu likaisha. Sasa sijui nifurahi au niogope. Wewe hujalala hotelini hata siku moja maishani mwako. Kama nyumba imekuwa haikaliki, niambie.

Siku tisini zilitimia tarehe tano. Sijui kama barua yangu iliwahi. Sijui Namba 1 iko wapi.

Tarehe ishirini Mei natakiwa kutia sahihi mkataba wa pili au kushuka. Mama Funguo ananitaka nibaki. Amesema atanipa vyumba vikubwa vya ghorofa ya kumi. Mimi nimeamua hivi: ukiniambia kwamba pesa hii si halali, nitashuka. Si kwa kukuogopa, baba. Nimekwisha kukua. Lakini siwezi kutandika vitanda kumi na sita kila siku huku nikijua baba yangu amesukuma chake pembeni akikwepa tundu, na kwamba analowa kwa sababu ya kazi yangu.

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mimi, binti yako.


Nyumbani, 6 Mei

Binti yangu,

Marahaba, na uniwie radhi. Mimi mzima, ila mgongo, nao sababu yake nitakueleza. Shangazi yako mzima kupita kiasi.

Barua yako ya tarehe ishirini iliwahi. Ilifika siku mbili kabla ya tisini kutimia. Niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Katika miaka thelathini na mmoja watu wamenitajia kasoro za miavuli, za masanduku, za meno ya bandia. Hakuna aliyewahi kunitajia kasoro yake mwenyewe. Nilimaliza kuisoma nikiwa nimekwisha kuamua.

Lakini karani hamwamini mdai kwa kuwa ana sauti nzuri. Mdai huthibitishwa. Ulisema unatandika vitanda kumi na sita kila siku, nami nilitambua kwamba sijui kutandika kitanda ni kazi ya namna gani. Cha kwangu nakivuta tu.

Basi nilivaa koti, nikaenda kwenye ile hoteli iliyo mkabala na kituo. Nilikaa ukumbini nikaagiza chai. Chai moja pale ni bei ya kilo mbili za sukari. Nimeanza kuwaelewa wageni wako. Nilikaa siku ya kwanza nikitazama watu wa matoroli wakipita. Siku ya pili meneja alidhani nimetumwa na serikali kukagua, akaniletea chai nyingine ya bure, nikaikataa, akazidi kuogopa. Siku ya tatu nikamweleza ukweli: binti yangu anafanya kazi hii, nami nataka kuiona. Shangazi yako nilikuwa nimemchukua kama shahidi.

Walituongoza ghorofa ya pili kwa mhudumu mmoja, mama wa umri wa Shangazi yako. Alitandika kitanda mbele yetu huku akizungumza. Dakika nne. Nikasema, "Si kitu kigumu." Akanipa shuka.

Binti yangu, shuka ina upande wa juu na upande wa chini, jambo ambalo katika umri wangu sikuwa nimelijua. Pembe ya kwanza nikiibana, ya tatu inachomoka. Nilitumia dakika kumi na moja. Mama yule alirekebisha pembe zote nne bila kunicheka. Shangazi yako alicheka kwa niaba ya hoteli nzima. "Kaka," akasema, "hicho si kitanda, hicho ni mzigo uliokosa mwenyewe." Kisha nikainama kuokota foronya, na sikuinuka. Walinishusha kwa lifti ya mizigo.

Mgongo ulikataa kunyooka siku nne, na kuketi kuandika niliweza baada ya wiki tatu. Ndiyo sababu ya kimya changu. Kitanda kimoja, binti yangu. Nilikuwa nimelala chali nikizidisha kwa kumi na sita.

Kuna jambo jingine. Kabla hawajanishusha, nilimwomba yule mama asubiri. Alikuwa amelipwa kutandika chumba. Hakuwa amelipwa kumfundisha mzee mwenye kiburi. Nikatia mkono mfukoni nikampa kitu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani, nami nilitazama nyuma kama mtu anayeiba. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akasukuma toroli lake akaenda. Sikuwa nimenunua chochote. Wala yeye hakuuza.

Sasa utaratibu. Mwenye mali hutia sahihi mwenyewe, lakini akiwa safarini ndugu yake wa karibu huweza kutia kwa niaba yake. Ndugu huyo ningekuwa mimi, ila karani hawezi kutia sahihi pande mbili za kaunta. Ikabidi atie Shangazi yako. Nilimwambia kwanza ataje alama ya mali. Akasema, "Alama yake ni kwamba imechelewa." Nikaona inatosha. Nikakata kamba za Namba 1 na Namba 2 mbele yake.

Fundi amekuja wiki iliyopita. Bei ya bati imepanda tangu Januari. Kila kitu kimepanda, si melini tu. Ongezeko hilo limetokana na kanuni zangu, kwa hiyo nimelilipa kwa pensheni yangu, na naomba tusilijadili. Paa limekwisha. Jana mvua ilinyesha saa nane mchana, mvua ya haki. Kelele yake juu ya bati jipya ni kubwa mno. Shangazi yako aliniambia mambo kwa nusu saa nzima na sikusikia hata moja. Paa hili limenipa zaidi ya nilivyotarajia.

Kuhusu mkataba, tia sahihi. Vyumba vya ghorofa ya kumi vitakuwa na wageni wenye bahasha nene na wengine wasio nayo kabisa. Wote wapelekee taulo asubuhi. Lile la kosa usilibebe tena; umelitaja, limeandikwa, limekwisha. Na ukipata likizo usinunue zawadi kwenye duka la meli, nimesikia bei zake.

Leo asubuhi mshona viatu wa jirani alisimama njiani, akashika kiuno akitazama juu. Akaniuliza, "Mzee, pensheni imeongezwa?"

Nikamwambia, "Binti yangu anatandika vitanda melini. Kumi na sita kwa siku, na wageni wanamshukuru."

"Wanamshukuru kwa maneno tu?"

Nikamwonyesha paa.

Mimi, baba yako.